Woland amefika Lubumbashi, nasi tunakamata paka

Kuna ujumbe wa sauti, kama dakika nne hivi, unaopita simu kwa simu miongoni mwa wazazi wa hapa Lubumbashi. Sauti ni ya mwanamume, imetulia, haijitambulishi. Anasema wanafunzi wetu wameletewa kitabu ambamo Shetani ndiye bwana mkubwa, mwanamke anajipaka mafuta na kuruka uchi angani, na paka mweusi anakunywa pombe na kutaka kulipa nauli ya tramu. Anayekisoma, anasema, anafungua mlango nyumbani kwao, na si yeye atakayeweza kuufunga. Kitabu chenyewe ni Le Maître et Marguerite, riwaya ya Mikhail Bulgakov, katika tafsiri ya Kifaransa ya Claude Ligny iliyotoka 1968. Nakijua kwa sababu kila Jumamosi mchana, Kampemba, nakaa na vijana wanaokisoma kwa fotokopi zilizoshonwa kwa uzi. Tulianza kumi na wawili. Tangu ujumbe ule utembee tumebaki saba.

Siwalaumu wazazi waliowatoa watoto wao. Mzazi anayesikia jina la Shetani akanyamaza ndiye wa kushangaza. Lakini naona ujumbe ule umekosea, na wale wanaoujibu kwa kusema "ni hadithi tu" wamekosea pia, pengine zaidi. Mji huu haujaumizwa na hadithi ya shetani yenye jina la mwandishi juu ya jalada. Hadithi zilizoumiza watu hapa ni zile zisizo na mwandishi, zinazoapa kwamba si hadithi, na ambazo mwisho wake ni kidole kumwelekea mtu. Riwaya ya Bulgakov ni ya ukoo mwingine kabisa. Anayejua jinsi bulozi, yaani uchawi, unavyotajwa ndani ya nyumba zetu usiku ana sababu nyingi zaidi za kuisoma kuliko msomaji wa Paris.

Tuanze kwa mtu mwenyewe. Bulgakov alizaliwa Kyiv mwaka 1891, baba yake akiwa mwalimu katika chuo cha theolojia. Alisomea udaktari, akauacha, akahamia Moscow 1921 kuishi kwa kalamu. Ulikuwa mji ambao serikali yake ilitangaza mbinguni hakuna mtu. Tangu 1922 kulikuwa na gazeti liitwalo Bezbozhnik, yaani Asiye na Mungu, lililojaa vibonzo vya kumdhihaki Kristo, na Desemba 1931 kanisa kuu la Kristo Mwokozi lililipuliwa kwa baruti mchana kweupe. Katika mji huo yeye alianza, 1928, kuandika riwaya ambamo Shetani anafika kwa miguu yake. Mwaka 1930, akiwa amefungiwa kila mlango wa kazi, aliitia miswada yake ya kwanza jikoni ikaungua, kisha akaiandikia serikali barua akikiri kwamba ameichoma kwa mikono yake mwenyewe. Halafu akaanza upya. Mwishoni, macho yakiwa karibu yamezima, alikuwa akimtamkia mkewe Elena masahihisho. Alifariki Machi 1940. Elena alikaa na karatasi hizo zaidi ya robo karne, hadi jarida la Moskva lilipozichapa, zikiwa zimekatwakatwa, mwishoni mwa 1966 na mwanzoni mwa 1967. Ni mwaka huohuo wa 1966 ambapo mji wetu uliacha kuitwa Élisabethville.

Hapo kuna jambo ambalo mwenye ujumbe wa sauti hakulijua. Kwao kitabu hiki kilizuiwa na watu waliosema Mungu hayupo wala Shetani hayupo, kwa hiyo hapana haja ya kuwazungumzia. Kwetu kinazuiwa na watu wanaosema wapo wote wawili, kwa hiyo ni hatari kuwazungumzia. Wakristo wa Moscow waliokuwa wakipitishiana nakala zilizochapwa kwa taipu wangeshangaa sana kutuona.

Riwaya inaanza jioni ya joto, kwenye benchi. Berlioz, mwenyekiti wa chama cha waandishi, mtu aliyesoma sana, anamfundisha mshairi kijana kwamba Yesu hakuwahi kuwepo kabisa. Mgeni mmoja, mavazi ghali, adabu tele, anaomba ruhusa ya kukaa katikati yao na kuuliza swali: kama Mungu hayupo, nani basi anayeongoza maisha ya mwanadamu? Ni mwanadamu mwenyewe, anajibiwa. Mgeni anasikitika kidogo. Mwanadamu ataongoza vipi, naye hawezi hata kuidhamini jioni yake ya leo? Anamwambia Berlioz kwamba mkutano wake wa usiku hautafanyika, kwa maana Annushka ameshanunua mafuta ya alizeti, tena si kununua tu, ameshayamwaga. Dakika chache baadaye Berlioz anateleza kwenye mafuta hayo penye njia ya tramu na kichwa chake kinatenganishwa na mwili. Tuliposoma ukurasa huo, kijana mmoja, mwana wa fundi wa magari, alisema jambo ambalo sijalikuta kwa mchambuzi yeyote. Alisema hapa kwetu hadithi ingeishia hapo. Tungemtafuta Annushka. Tungeuliza kwa nini amwage siku ile, mahali pale, na nani alimtuma, na kabla ya matanga kwisha Annushka angekuwa mulozi.

Mgeni yule ni Woland, yaani Shetani, na amekuja na wenzake: Koroviev mwenye miwani iliyopasuka, Azazello mwenye jino lililochomoza, na paka mkubwa kama nguruwe aitwaye Behemoth. Wanafanya maonyesho ya uchawi katika ukumbi wa michezo. Noti zinanyesha kutoka darini na watu wanagombania. Wanawake wanabadilishana magauni yao kwa mitindo ya Paris. Usiku huohuo magauni yanayeyuka barabarani, na kesho yake noti zimegeuka vipande vya karatasi. Woland mwenyewe hafanyi lolote jukwaani. Anakaa kwenye kiti na kuwatazama watu. Hitimisho lake ni la kawaida mno: ni watu kama watu, wanapenda pesa, na kilichowaharibu ni suala la nyumba tu. Kijana mmoja wetu, ambaye kwao wanalala sita chumba kimoja, alicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, na tuanze na hoja yao yenye nguvu. Woland anavutia. Ana adabu kuliko kila mtu kitabuni, anatimiza ahadi, anawaadhibu wala rushwa na waongo. Hata maneno yaliyowekwa mbele ya sura ya kwanza, kutoka Faust, tamthilia ya Goethe juu ya msomi aliyefanya mkataba na shetani, yanasema habari za nguvu inayotaka mabaya siku zote na siku zote ikatenda mema. Mtoto wa miaka kumi na sita anaweza kufunga kitabu akidhani Shetani ni hakimu mwema aliyesingiziwa. Kisha kuna sura za Yerusalemu, kisa cha Pilato na mfungwa Yeshua Ha-Notsri. Huyu Yeshua ana miaka ishirini na saba hivi, hawakumbuki wazazi wake, ana mfuasi mmoja tu, tena anayeandika maneno yake vibaya, na asubuhi ya ufufuko haisimuliwi. Padri au mchungaji akisema hii siyo Injili, amesema kweli, wala simbishii.

Ila atazame ni nani anayesimulia. Sura ya kwanza ya Yerusalemu inasimuliwa na Woland, shahidi ambaye hakuna katekista angempa kiti. Ya pili inaotwa na mshairi aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Zinazobaki zinatoka katika mswada wa Maître, mwandishi wa riwaya juu ya Pilato na mpenzi wa Marguerite, mtu aliyevunjika moyo. Bulgakov, mwana wa mwalimu wa theolojia, hakufanya hivyo kwa bahati. Kila ukurasa anamlazimisha msomaji aulize: huyu anayeniambia haya ameyajuaje? Na kuhusu mvuto wa Woland, twende mwisho wa kitabu. Yeshua ameisoma kazi ya Maître na anamtuma mfuasi wake juu ya paa la nyumba kuomba Maître na Marguerite wapewe amani, kwa kuwa Maître hakustahili nuru. Woland anamdhihaki mjumbe, kisha anafanya kama alivyoombwa. Amani anaweza kuitoa. Nuru si yake. Msomaji wa kitabu cha Ayubu hatashtuka, maana humo pia Shetani anaingia barazani, anapewa mipaka, na anaondoka kufanya kazi ndani ya mipaka hiyo.

Hoja dhaifu kabisa ndiyo iliyoshika watu zaidi: kwamba majina yenyewe, yakisomwa kwa sauti, yanaita wenyewe. Azazello ni Azazeli wa Mambo ya Walawi sura ya 16, yule anayepigiwa kura apelekewe mbuzi jangwani, na kila anayesoma Biblia kwa mpango wa mwaka humtamka bila kukohoa. Behemoth naye ametoka Ayubu sura ya 40. Tena tafsiri yetu ya Kiswahili ya Biblia, ile ya Union, ilipofika hapo haikuona jini lolote. Imeandika "Mwangalie huyo kiboko". Na kweli katika Kirusi jina la paka huyo ndilo jina la kiboko. Basi kama kutamka tu ni kufungua mlango, wavuvi wa Lualaba wameufungua tangu zamani za kale, kila wanapoonyana majini.

Sina huruma zaidi kwa upande wa pili. Walimu na wasomi waliowajibu wazazi wamesema kwa dharau ya kirafiki kwamba wasiogope, Shetani wa humo ni fumbo la Stalin, kitabu ni kejeli ya siasa, hadithi tu. Kuna ukweli ndani yake. Kabla Woland hajahamia fleti namba 50, wapangaji wa fleti hiyo walikuwa tayari wakitoweka mmoja mmoja, na milango ya vyumba vyao ikitiwa lakiri, na Warusi wa miaka ile walijua ni nani aliyewachukua. Lakini mtu anayesema "ni hadithi tu" yumo kitabuni. Ameketi kwenye benchi sura ya kwanza, anaitwa Berlioz, na ana hoja nzuri, tena za kisomi. Anayemwambia kijana wa Katuba kwamba ulimwengu wa roho ni fumbo la siasa anamwomba aache mlangoni kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuja navyo kwenye kitabu hiki. Msomaji wa Ulaya inambidi ajilazimishe kuamini, kwa saa chache, kwamba mgeni mwenye adabu anaweza kuwa Shetani. Wetu hahitaji kujilazimisha.

Isitoshe, mji huu ulishajua kuishi na hadithi za namna hii bila kuumwa. Miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi wa shaba zilikuwa na picha ya mamba muntu ukutani sebuleni, juu ya viti vya wageni: mwanamke mwenye mkia wa samaki, nywele ndefu, kioo, nyoka. Kisa chake kila mtu alikijua. Ukiokota kitu chake ufukweni, atakujia ndotoni kukidai, atakupa utajiri, na utamlipa kwa kunyamaza na kuwa wake peke yake. Huo ni mkataba na shetani, mkongwe kama wa Faust, na baba alikula bukari, yaani ugali, chini yake akizungumza na shemeji habari za mshahara. Picha ile ilikuwa njia ya kufikiri juu ya pesa ambazo hazijulikani zimetoka wapi. Kabla ya hapo wazee wa Élisabethville walikuwa na batumbula, watekaji wa usiku waliosemekana kuwakamata Waafrika ili Wazungu wawale. Ukiipokea kama taarifa ya polisi, ni uzushi. Ukiisikiliza kama hadithi, ni maelezo sahihi kupita kiasi ya mji uliojengwa kwa kukusanya miili ya watu na kuipeleka migodini. Baadaye, wimbi la uamsho lilipopanda, mamba muntu alishushwa ukutani. Kilichoingia mahali pake ni ushuhuda.

Kwa ushuhuda nina maana ya lile simulizi refu la mtu aliyekuwa "upande ule": mji ulio chini ya maji, ndege ya usiku iliyotengenezwa kwa ganda la karanga, nyama iliyogawanywa, majina. Kama utunzi, baadhi ya simulizi hizo ni kali sana, nakiri, na Bulgakov angezisikiliza kalamu mkononi. Kasoro ni kwamba hazikubali kuitwa utunzi. Hazina mwandishi wa kuulizwa, na zinahitaji mwisho wenye mtu. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alipita katika nchi ya Walala, Rhodesia ya Kaskazini, kisha akavuka upande wetu wa Katanga, akibatiza kwa kuzamisha majini. Ambaye maji hayakumfunika sawasawa alikuwa mulozi, na aliuawa. Makumi kwa makumi walikufa pande zote mbili za mpaka kabla yeye mwenyewe hajanyongwa mwaka 1926. Hakuwa na riwaya mkononi. Siku hizi zamu imekuwa ya watoto. Mtoto wa mke wa kwanza, mtoto anayekojoa kitandani, mtoto mwenye maneno mengi. Anafungishwa kwa nguvu, anakeshwa, anaulizwa mpaka akubali kwamba amemla shangazi yake, na akishakubali barabara ndiyo nyumba yake. Ilibidi sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto iandike waziwazi kwamba ni marufuku kumshitaki mtoto kwa uchawi. Sheria haitungwi kwa ajili ya jambo ambalo halitendeki.

Ndiyo maana nawasihi wazazi wausome ukurasa mmoja tu kabla ya kuamua. Marguerite ameshajipaka mafuta ya Azazello, ameshakuwa mchawi kweli, haonekani, anaruka juu ya ufagio. Anaikuta nyumba ya mhakiki aliyemwangamiza Maître. Anavunja kinanda kwa nyundo, anafurisha bafu, kisha anatoka nje na kupasua vioo, dirisha baada ya dirisha, ghorofa baada ya ghorofa. Watu wanapiga kelele chini. Kwenye dirisha moja anachungulia na kuona kitanda kidogo na mtoto wa kama miaka minne ameketi, anasikiliza kwa woga. Hakuna mtu mzima chumbani. Mtoto anasema vioo vinavunjwa, anamwita mama yake, hakuna anayejibu. Nyundo inashuka. Mchawi anaingia, anamwambia ni watoto watundu tu na manati yao, usiogope. Uko wapi, shangazi? Siko, unaniota. Anamlaza, anamsimulia kisa kifupi cha mama mmoja asiyekuwa na watoto, na kuvunja vioo kunakoma usiku ule. Baadaye, baada ya karamu ya Shetani, anaruhusiwa kuomba kitu kimoja. Amekubali yote hayo ili ampate mpenzi wake, lakini anaomba Frieda, mwanamke aliyemziba mwanawe pumzi kwa leso, asiletewe tena leso ile kila asubuhi. Nimehudhuria usiku wa maombi ambapo mtoto wa umri wa yule wa dirishani alilia kwa woga mbele ya watu wazima mia, na hakuna hata mmoja aliyeshusha nyundo. Mimi nikiwa mmoja wao.

Tukikizuia kitabu, vijana hawataacha kusikia habari za Shetani. Watabaki na ujumbe wa sauti. Wanachojifunza Kampemba kwa sura 32 ni kuuliza msimulizi ni nani, ameyajuaje, na ni nani atakayelipa mwisho wa kisa. Parokia ingeweza kukisoma sambamba na Mathayo 27, Pilato akinawa mikono, na padri akaeleza pale riwaya inapoachana na Injili. Ningefurahi kukaa nyuma nikisikiliza. Na wanafunzi wenye umri mdogo zaidi wangoje. Karamu ile ina maiti na uchi, na hilo mzazi ana haki ya kulipima mwenyewe.

Jumamosi iliyopita mama mmoja alikuja kumchukua mwanawe. Hakukaa. Nilimwomba dakika tano, nikamsomea kutoka epilogo. Woland ameshaondoka, na wenye mamlaka wanahitaji wa kukamata. Nchi nzima inawinda paka weusi. Kama mia moja wanauawa. Huko Armavir raia mmoja anamnasa paka, anamfunga miguu ya mbele kwa tai ya kijani, na kumburuta kituoni huku akimwambia aache kujifanya mjinga. Paka amepata bahati mbili: hajui kusema, kwa hiyo hawezi kukiri, na mwenye paka, mama mzee mjane, anafika mbio. Anamtolea sifa njema, anasema anamjua miaka mitano tangu akiwa mdogo, anamdhamini kama anavyojidhamini yeye mwenyewe. Wanamfungua.

Mama alisimama pale mlangoni, mkoba kwapani, mwanawe ameshavaa viatu.

"Sasa, Mwalimu," aliuliza, "kama ule mama hakukuya?"

Nilirudi nyuma aya moja, nikamsomea tena hesabu ya paka.